Vijana Wenye Maradhi ya Akili Siku za Korona

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa chama chetu na mwanachama aliyemaliza mwaka 1981, ambaye ni muuguzi mstaafu wa magonjwa ya akili. Inachapishwa kwa kuombwa na wengi waliokuwapo, na pia na waliochelewa kufika. – Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, waalimu wetu wa zamani mliojaliwa kufika, wanachama wenzangu, na ninyi wanafunzi wa sasa mliokaa huko nyuma mkisikiliza sufuria za pilau kuliko mnavyonisikiliza mimi:

Kwanza namshukuru Katibu wetu kwa kunialika. Aliponipigia simu aliniambia, "Kaka, wewe umekaa na wendawazimu miaka 38, njoo utueleze lolote." Nilimjibu kwamba nitakuja, lakini neno hilo "wendawazimu" tuliache mlangoni. Naye ni muungwana, akakubali. Naomba nanyi mliache huko kwa dakika hizi chache nilizopewa. Tukitoka, kila mtu ataamua mwenyewe kama analiokota tena au analiacha hapo hapo.

Mimi si daktari, ni muuguzi. Nilianza kazi mwaka 1984, nikapangiwa wagonjwa wa akili bila ya kuulizwa, nikalia usiku mmoja, na tangu hapo sikuomba uhamisho hata mara moja. Nilistaafu mwaka 2022. Katika miaka hiyo yote hakuna mwaka ulionifundisha kama 2020, na fundisho lenyewe nililipata kwa kukosea. Ndilo nililokuja kuwaambia.

Kitanda kilichobaki kitupu

Nianzie hapa hapa shuleni. Tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1978 tunakumbuka kwamba mwaka huo kipindupindu kilikuwa kimeenea nchini. Hapa shuleni hapakutokea mgonjwa hata mmoja, lakini matembezi ya Jumapili yalisimamishwa, wageni waliishia getini, na maji ya kunywa yalichemshwa kwenye mapipa nyuma ya jiko, yakawa na ladha ya moshi. Kila asubuhi kwenye mstari tulikumbushwa kunawa mikono, na usiku bwenini hapakuwa na mazungumzo mengine ila nani amekufa wapi.

Katika bweni letu alikuwamo kaka mmoja wa Kidato cha Tatu. Jina lake silitaji, ingawa wa umri wangu wameshamjua. Ndiye aliyenionyesha namna ya kutandika kitanda kikapita ukaguzi, na ndiye aliyenifundisha hesabu za mafumbo kwa mwanga wa kibatari. Katika siku hizo za kipindupindu akaanza kukataa maji. Alisema yametiwa kitu. Baadaye akakataa na chakula. Usiku alisimama dirishani akizungumza taratibu, na ukimuuliza anazungumza na nani, alikutazama kama vile wewe ndiwe usiyeona.

Sisi tulicheka. Wengine walisema anakwepa mitihani, wengine walisema amevuta bangi, wengine walisema amerogwa na jamaa zake kwa ajili ya akili zake za hesabu. Alichapwa, hakubadilika. Mwishowe alipewa waranti ya kusafiria, sanduku lake la bati likafungwa kwa kamba, akasindikizwa kituoni. Reli ikagongwa, tukaenda darasani. Kitanda chake kilikaa kitupu mpaka muhula ukaisha. Hakuna aliyemwandikia barua. Hata mimi niliyekula hesabu zake sikumwandikia.

Ndugu Mkuu wa Shule, sisemi haya kuwalaumu waalimu wa siku zile. Hakuna aliyekuwa amewafundisha mambo haya, na sisi tulikuwa watoto. Nasema kwa sababu baada ya miaka 42 nilitenda jambo lile lile, nikiwa nimevaa sare ya uuguzi.

Machi 2020

Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi Kidato cha Sita, na siku iliyofuata vikafuata vyuo. Kidato cha Sita na vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na wanafunzi wengine wote walirudi tarehe 29 Juni. Hatukufungiwa majumbani kama ilivyokuwa katika nchi nyingi. Masoko, misikiti na makanisa viliendelea. Lakini vijana wa shule walikaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu, na watu wengi waliogopa hospitali kuliko walivyoogopa maradhi yenyewe.

Wakati huo nilikuwa nasimamia kliniki ya wagonjwa wa akili ya kila Alhamisi. Msidhani kliniki hiyo ni mahali pa makelele. Ni benchi refu ukumbini, watu wamekaa kimya na madaftari yao ya matibabu mkononi, wanangoja vidonge vya mwezi au sindano. Wamo wenye skizofrenia, wenye sonona, wenye kifafa, na vijana wengi kuliko mnavyofikiri. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba nusu ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajafikisha miaka 14 au karibu na umri huo. Maana yake ni kwamba maradhi haya hayaanzii kazini wala uzeeni. Yanaanzia hapa, madarasani na mabwenini.

Nitawaeleza habari za vijana watatu. Majina yao ni siri ya kazi, na baadhi ya mambo nimeyaficha ili wasitambulikane.

Binti wa ndoo

Wa kwanza ni binti wa miaka 16, mtoto wa fundi cherehani. Maradhi yake yalikuwa wasiwasi wa uchafu. Akishika kitasa cha mlango, hofu inampanda kwamba amepata sumu au ugonjwa na ataupeleka kwa mama yake. Ananawa, hofu inashuka kidogo, kisha inarudi kubwa zaidi, ananawa tena. Ndivyo ugonjwa huu unavyofanya kazi: kila unawaji unaulisha. Alipoletwa kwetu mwaka 2019 ngozi ya mikono yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na sabuni ya familia ilikuwa haimalizi siku mbili.

Tiba yake, pamoja na vidonge, ni ngumu kuieleza kwa majirani. Unamwambia ashike kitasa, kisha asinawe. Akae na hofu yake, wewe ukiwa karibu, mpaka hofu ishuke yenyewe. Na hushuka, ingawa mara ya kwanza anaona kama atakufa. Tulifanya hivyo miezi sita. Kufikia Januari 2020 alikuwa ananawa kabla ya kula na baada ya choo, kama mimi na ninyi, na alikuwa amerudi shuleni.

Ikaja Machi. Katika wiki moja kila mlango wa duka, wa ofisi na wa nyumba ya ibada ukawekwa ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni. Redio ilisema nawa, televisheni ilisema nawa, mwenyekiti wa mtaa alipita na kipaza sauti akisema nawa. Binti huyu alirudi kliniki na mikono inayotoka damu, akaniambia, "Shikamoo baba. Mliniambia mimi ndiye mgonjwa. Sasa mbona nchi nzima inafanya kama mimi?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu mkononi. Tulikaa naye na mama yake tukatunga sheria. Tulimwambia kwamba amri ya afya ina kipimo: sabuni, maji yanayotiririka, sekunde 20, ukitoka nje na kabla ya kula. Hicho ni cha serikali, utakitii kama raia mwingine. Kinachozidi hapo ni cha ugonjwa, hicho hatukitii. Mama akapewa kazi ya kuhesabu. Walipigana sana, mama na mtoto, lakini kipimo kilisaidia. Hakupona mwezi ule, ila hakuanguka kabisa. Naye aliponea hapo kwa sababu moja tu: hakuacha kuja.

Kijana niliyemwambia akae nyumbani

Wa pili ndiye sababu ya hotuba hii. Alikuwa Kidato cha Tano, mchepuo wa sayansi, mtoto wa mama mjane anayeuza mboga. Alikuwa na skizofrenia tangu Kidato cha Tatu, lakini alikuwa ametulia kwa sindano ya kila mwezi. Sindano hii dawa yake hutoka mwilini polepole, wiki kwa wiki. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa hana haja ya kukumbuka vidonge kila siku. Hatari yake ni kwamba ukiikosa, mwanzoni huoni kitu. Mgonjwa anakula, anacheka, ndugu wanasema amepona. Ugonjwa unarudi kwa mlango wa nyuma, baada ya mwezi au miezi.

Mwishoni mwa Machi tuliagizwa kupunguza msongamano kwenye kliniki. Agizo lilikuwa la haki. Nilisimama mlangoni na barakoa usoni, nikawatazama waliokuwa kwenye benchi, nikaanza kuwapunguza. Huyu kijana alikuwa mzima wa kutazama. Alipata sindano yake siku hiyo, nami nikamwambia mama yake, "Mama, sasa mkae nyumbani kwanza, mpaka hali itulie." Mimi nilikuwa na maana ya wiki tatu au nne. Sikumwandikia tarehe kwenye daftari. Sikuchukua namba ya simu. Mama yule ni mtu mtii. Alikaa nyumbani mpaka hali itulie, na hali haikutulia.

Sindano ya Aprili ikapita, ya Mei ikapita. Katika wiki ya pili ya Juni aliletwa usiku na wanaume wanne, mikono imefungwa kamba ya katani, miguu imechubuka. Walimkuta kwenye barabara kuu, mbali na kwao, akitembea peku. Alikuwa ametembea siku mbili. Alipotulia alitueleza. Sauti zilikuwa zimemwambia kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa huu duniani, na kwamba wote wanaotajwa redioni wamekufa kwa sababu yake. Basi aliamua kutembea mpaka afike mahali pasipo na watu, ili asimwambukize mama yake.

Mtu mwenye akili iliyoumia namna ile, na bado anachowaza ni kumlinda mama yake. Nawaomba mlikumbuke hilo mkisikia watu wakisema kwamba wagonjwa hawa hawana utu.

Mama yake hakunilaumu. Alikaa pembeni ya kitanda akasema, "Daktari, uliniambia nikae nyumbani, nikakaa." Nilimwambia mimi si daktari, kwa sababu sikujua niseme nini kingine. Wenzake waliporudi darasani tarehe 29 Juni yeye alikuwa wodini hajui siku. Alirudia Kidato cha Tano. Alimaliza Kidato cha Sita mwaka 2022, mwaka ule ule niliostaafu, na sindano yake haikukosa tena. Lakini mwaka ule uliopotea ni mimi niliyeupoteza.

Aliyepata nafuu

Wa tatu nawatajia kwa kifupi, kwa kuwa alitushangaza. Alikuwa mvulana wa Kidato cha Pili katika shule ya bweni, mwenye sonona. Tulidhani kufungwa kwa shule kutamzidishia. Kinyume chake, katika wiki mbili alianza kulala usingizi, akala, akawa anamsaidia baba yake kazi ya uashi na kupiga miluzi. Hakuwa peke yake. Katika nchi nyingine pia iliandikwa kwamba miezi ya kwanza vijana walioletwa hospitali kwa dharura za akili walipungua, kisha baadaye wakaongezeka.

Tulifurahi, tukasahau kuuliza swali. Kama mtoto anapona kwa kufungwa shule, basi anakimbia nini shuleni? Shule zilipofunguliwa, kabla ya wiki kwisha aliletwa tena, amemwambia mama yake ni heri alale asiamke. Nilimuuliza waziwazi kama amewaza kujiua. Watu wanaogopa swali hilo, wakidhani litampandikizia mtu wazo. Sivyo. Kuulizwa kwa upole humpunguzia mzigo. Akasema ndiyo. Ndipo ikajulikana kwamba bwenini palikuwa na kundi lililokuwa likimtesa usiku tangu Kidato cha Kwanza. Tulizungumza na wazazi, akahamishiwa shule ya kutwa karibu na kwao. Leo ni fundi wa umeme.

Si kwetu tu

Mtu asidhani hili lilikuwa la kliniki yetu peke yake. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliuliza nchi 130 kuhusu huduma za magonjwa ya akili. Nchi 93 katika kila 100 zilisema baadhi ya huduma hizo zilikatika au zilipungua. Nchi 72 katika kila 100 zilitaja kuvurugika kwa huduma za watoto na vijana, na 30 katika kila 100 zilisema upatikanaji wa dawa za maradhi haya ulivurugika. Mwezi Machi 2022 shirika hilo likatangaza kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, sonona na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na kwamba vijana na wanawake ndio walioumia zaidi.

Na wazee wetu wa upande wa Bukoba wangetuambia kwamba jambo hili si geni. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Likaenea. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, wakicheka na kulia kwa zamu, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wataalamu walitafuta mdudu na sumu, hawakuona kitu. Wasichana waliporudishwa makwao, jambo lile likaenda nao mpaka vijijini, na pale Nshamba watu 217 wakapatwa. Angalieni tarehe hizo. Mwaka 1962 shule ilifungwa tarehe 18 Machi, na mwaka 2020 shule za nchi nzima zilifungwa siku moja kabla yake. Sisemi maradhi ni yale yale, hayafanani. Ninachosema ni kwamba ukifunga shule hujafunga fadhaa ya watoto. Umeipakia kwenye basi, umeipeleka nyumbani, na nyumbani lazima awepo mtu wa kuipokea.

Tulivyojirekebisha

Baada ya yule kijana wa Kidato cha Tano kuletwa na kamba mikononi, nilinunua kaunta buku. Kila mgonjwa aliyekuwa chini ya miaka 25 nikamwandikia mstari: dawa yake, tarehe yake, namba ya simu ya mzazi, na namba ya mtu wa pili, awe mwalimu, shangazi au jirani mwenye duka. Kila jioni nilipiga simu kumi. Nyingi hazikuzidi dakika mbili. "Hujambo, umelalaje, umekula nini, dawa imebaki ngapi?" Hayo tu. Vijana watatu waliniambia baadaye kwamba katika siku nzima hakuna mwingine aliyewauliza wamelalaje.

Waliotulia tulianza kuwapa vidonge vya miezi miwili badala ya mmoja, mama au bibi akiwa ndiye mshika dawa. Siku hizo daladala zilibeba abiria waliokaa tu, leveli siti, na wagonjwa wa mbali walikuwa wanaachwa vituoni. Kwa hiyo vifurushi vya dawa tulivituma kwa mabasi ya mkoani, na makondakta, ambao watu huwasema sana, hawakupoteza hata kifurushi kimoja. Waliohitaji sindano tuliwapangia saa, mmoja mmoja, chini ya mwembe.

Barakoa nayo ilikuwa na mambo yake. Mgonjwa anayeogopa watu, ukimjia uso umefunikwa, humwoni kama anakuamini, naye hakuoni kama unatabasamu. Kijana mmoja alikataa kabisa kuingia. Nikasimama mbali uani, nikavua barakoa, nikamwambia, "Ni mimi yule yule." Akanitazama, akacheka, nikavaa tena, akaingia. Tangu siku hiyo kila kijana nilimwonyesha uso kwa mbali kabla ya kuanza.

Hakuna katika hayo kilichohitaji mashine wala fedha nyingi. Kabla ya Juni tulikuwa tunangoja agizo. Baada ya Juni tulikuwa tunapiga simu.

Maombi yangu

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafikia haja zangu, nazo ni tatu.

La kwanza ni kwa shule. Mwanafunzi akibadilika ghafla, hasomi, halali, anajitenga, anasema peke yake, haogi, anakataa chakula kwa sababu isiyoeleweka, asipelekwe kwenye fimbo kabla hajapelekwa hospitali. Na ikilazimu arudishwe nyumbani, basi arudishwe pamoja na barua ya hospitali, tarehe ya kliniki, na jina la mwalimu mmoja atakayeuliza habari zake kila wiki mpaka arudi. Kumrudisha mgonjwa nyumbani si kosa. Kosa ni kumrudisha ukaacha hapo.

La pili ni kwa chama chetu. Mwaka jana tulichanga kwa ajili ya jezi na rangi ya ukumbi. Ni vizuri. Naomba mwaka huu tutenge sehemu, hata ndogo, iwe nauli na dawa za wanafunzi wa shule hii wenye maradhi ya akili au kifafa. Kuna mwanafunzi anayekosa dawa kwa sababu ya nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, na nauli hiyo haifiki bei ya soda tutakazokunywa leo mezani.

La tatu ni kwenu wazazi na babu wenzangu. Kijana wako akiambiwa ana maradhi haya, usiyafiche mpaka yaharibike. Na akipata nafuu, usimwachishe dawa kwa kuwa amepata nafuu. Amepata nafuu kwa sababu ya dawa. Likija janga jingine, na majanga hayaishi, jambo la kwanza kuuliza usiku ule ule wa tangazo liwe hili: dawa yake imebaki ya siku ngapi, na nani atampigia simu?

Kaka wa Kidato cha Tatu

Nilisema mwanzoni kwamba alikuwapo kaka mmoja. Mwaka 2021, nikiandika majina kwenye kaunta buku langu, jina lake lilinijia. Sikulala. Nilianza kuuliza, nikampata dada yake, na kwa dada nikampata yeye. Yu hai. Alirudishwa nyumbani mwaka ule akakaa miaka mingi bila ya tiba, kwa waganga na kwa kamba, mpaka mpwa wake mmoja alipomfikisha hospitali. Sasa anatumia dawa, ana shamba la migomba, na watoto wa jirani humpelekea hesabu zao jioni. Amenipa ruhusa niseme haya bila ya kumtaja.

Nilimwalika aje leo. Aliniuliza kama mwanafunzi asiyemaliza anahesabiwa kuwa mwanafunzi wa zamani. Nikamwambia katiba ya chama inasema "aliyesoma," haisemi "aliyemaliza." Ndugu Katibu, tafadhali uhakikishe inasema hivyo. Kisha akasema, "Wataniuliza nilikuwa wapi." Hakuja.

Nimewaandikia wenzangu wa bweni letu namba yake ya simu kwenye karatasi, wanione baada ya chakula, kwa maana yeye mwenyewe ameruhusu. Anashika simu jioni baada ya saa kumi na mbili, akitoka shambani. Msimuulize alikuwa wapi. Tunajua alikuwa wapi, tulimsindikiza wenyewe. Muulizeni amelalaje, na kama mwakani atakuja.